Kwake na Kwao: Historia ya Nyumba ya Upper Matasia

Mtu atokaye Tuala, akauacha uwanda wa Kitengela nyuma yake na kuelekea machweo ya jua, huupita mji wa Ongata Rongai, kisha ardhi huanza kuinuka kidogo kidogo kuelekea vilima vya Ngong. Chini ya vilima hivyo, katika Kajiado iyo hiyo, ndipo palipo Matasia, na sehemu yake ya juu huitwa Upper Matasia. Hapo ndipo wakili Silvano Melea Otieno, aliyejulikana Nairobi nzima kwa herufi mbili tu, S.M., na mkewe Wambui Waiyaki walipokuwa na shamba na nyumba. Nyumba hiyo haikupata sifa kwa ukubwa wake wala kwa ufundi wa waashi. Ilipata sifa kwa sababu ya swali lililoulizwa juu yake mahakamani mwanzoni mwa mwaka 1987, swali ambalo kila Mkenya alilielewa na wachache waliweza kulijibu kwa neno moja: je, hapo palikuwa nyumbani kwa marehemu, au palikuwa na nyumba yake tu?

Kesi ya mazishi ya S.M. Otieno imeandikwa sana. Wanasheria wameichambua, na wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo waliitungia kitabu kizima mwaka 1992. Aghalabu huelezwa kuwa ni ugomvi baina ya mila na usasa: upande mmoja ukoo wa Umira Kager na desturi za Wajaluo, upande wa pili mjane aliyesoma, ndoa ya serikali, na maisha ya mjini. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini yanaficha jambo moja la historia na jingine la lugha. La historia ni kwamba mjane naye alikuwa na mila nyuma yake. Tena mila ya kale, ya kuanzisha mji wa ukoo katika ardhi iliyopatikana kwa mali. La lugha ni kwamba mahakama ilipima shauri hilo kwa maneno mawili ya Kiingereza, ambayo hayalingani sawasawa na maneno ya lugha yoyote kati ya zile zilizokuwa vinywani mwa wahusika. Ili mambo hayo yaonekane yafaa kuanza mbali, kwa ukoo alikotoka bibi mwenye nyumba.

Ukoo wa Waiyaki

Wambui alizaliwa mwaka 1936. Baba wa babu yake, Waiyaki wa Hinga, alikuwa kiongozi wa Wakikuyu wa upande wa Dagoretti wakati Kapteni Frederick Lugard alipopiga hema huko mwezi wa Oktoba 1890, akiwa katika utumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Wawili hao walichanjiana, na kwa desturi mchanjo hufanya ndugu. Udugu huo haukudumu. Watu wa kampuni walipungukiwa na vyakula, wakaanza kuvichukua kwa nguvu katika mashamba ya wenyeji, wenyeji wakajilipiza. Mwaka 1891 ilijengwa Ngome ya Smith karibu na makao ya Waiyaki, na mwezi wa Agosti 1892 yeye mwenyewe aligombana ndani ya ngome hiyo na msimamizi wake, Purkiss, akajeruhiwa kichwani, akafungwa minyororo na kupelekwa pwani. Hakufika. Alifia Kibwezi mwezi wa Septemba, akazikwa huko huko, katika nchi ya Wakamba.

Masimulizi ya Wakikuyu husema kuwa alizikwa angali hai, kichwa kikiwa chini. Haidhuru kama jambo hilo lina ushahidi wa nyaraka ama halina. Kwa makala haya linalotosha ni kwamba ukoo wa Waiyaki uliingia katika siasa za Kenya kwa mlango wa kaburi lililokuwa ugenini. Wanasiasa wa Kikuyu wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza walilikumbusha kaburi hilo kila walipodai ardhi, na Ngũgĩ wa Thiong'o alipotafuta jina la kumpa kijana shujaa wa riwaya yake ya The River Between, iliyotolewa mwaka 1965, alichagua jina la Waiyaki. Baba yake Wambui, Tiras Waiyaki, alipanda cheo katika polisi ya kikoloni mpaka kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuwa inspekta mkuu. Kaka yake, Dakta Munyua Waiyaki, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje kuanzia 1974 hadi 1979. Wambui mwenyewe aliwatumikia Mau Mau mjini Nairobi, akawa katika chama cha Tom Mboya cha People's Convention, akawekwa kizuizini Lamu, na mwaka 1969 alikuwa miongoni mwa wanawake wachache waliothubutu kugombea ubunge. Ni ukoo wa siasa kwa kila hali.

Mambo mawili ya ukoo huu hayakupata nafasi ya kutosha katika maandishi juu ya kesi. La kwanza ni kwamba, kwa masimulizi ya ukoo wenyewe, Waiyaki alikuwa wa asili ya Kimaasai. Jina lake si jingine ila Koiyaki, lililopita katika matamshi ya Kikuyu. Watu wa mpakani mwa Kiambu na nchi ya Wamaasai walikuwa wakibadilishana wake, watoto, mifugo na wakimbizi kwa miaka mingi, hata kuuliza nani Mkikuyu na nani Mmaasai wakati mwingine kulikuwa kuuliza amekuwa akilala wapi tangu njaa ya mwisho.

La pili ni zito zaidi. Kwa Wakikuyu wa Kiambu, ardhi ya ukoo, yaani gĩthaka, haikushuka kutoka mbinguni. Wazee walipofika mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Jaji Carter kuanzia mwaka 1932, walieleza mmoja baada ya mwingine jinsi babu zao walivyoinunua ardhi hiyo kwa mbuzi kutoka kwa Waathi, wawindaji waliokuwa wakikaa misituni. Tume haikuyakubali madai yote, na wanahistoria wamebishana tangu hapo ni kiasi gani cha mauzo hayo kilikuwa mauzo na kiasi gani kilikuwa ujamaa wa kuchanjiana. Lakini namna ya kufikiri ilikuwa wazi. Mtu alitoka kwao, akapata ardhi kwa mali yake, akajenga. Wazao wake wakawa mbari, na mbari ikaitwa kwa jina lake. Mji wa mababu, kwa hiyo, ulikuwa na mwanzo unaojulikana, na mwanzo huo ulikuwa makubaliano baina ya mwenye mifugo na mwenye msitu. Aliyekulia katika masimulizi hayo hawezi kuona ajabu yoyote mtu akinunua shamba mbali na alikozaliwa, akasema: hapa ndipo nitakapozikwa, na hapa ndipo wanangu watakapopaita kwao.

Ardhi ya chini ya vilima

Ardhi ya Matasia nayo ilikuwa na historia yake kabla ya hati za kumiliki. Kwa mapatano ya mwaka 1904, ambayo Olonana, mwana wa Mbatiany, aliyatia alama yake, Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa na kugawanywa katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini ya reli. Olonana alifariki mwaka 1911, na mwaka huo huo mapatano ya pili yakawaondoa wale wa Laikipia pia; wote wakasongamana kusini, katika nchi ambayo leo ni Kajiado na Narok. Baada ya Uhuru zilikuja sheria mbili za mwaka 1968, ya kuamua haki za ardhi na ya wawakilishi wa makundi, na sehemu kubwa ya Kajiado ikawa mashamba ya makundi. Miinuko ya Ngong, yenye mvua na iliyo karibu na Nairobi, ilitangulia kugawanywa kwa mtu mmoja mmoja, na kilichogawanywa kikaanza kuuzwa. Wanunuzi walikuwa Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo, watu wa mishahara na biashara. Uwanda wa Kitengela ulifuata baadaye, makundi yalipovunjwa.

Sasa, Mmaasai wa zamani angeliona ugomvi wa Upper Matasia kuwa wa ajabu kwa sababu nyingine kabisa. Enkang, yaani boma la watu na mifugo, halikuwa mahali pa kudumu. Malisho yakiisha huhamwa, na wafu wa kawaida hawakuachiwa kaburi la kuwavuta watu warudi. Tena nyumba yenyewe, enkaji, hujengwa na mwanamke, kwa fito, udongo na samadi, nayo huwa yake. Mume ana boma; nyumba ni za wake. Mwanamume asiye na mke hana pa kulala ila kwa mama yake au kwa rafiki. Wanaisimu wataona kuwa jina enkaji limo katika ngeli ya kike, na safari hii sarufi na desturi zasema jambo moja. Bila shaka hakuna wakili aliyefikiri kuisimamisha mila ya wenyeji wa mahali hapo mbele ya jaji. Hata hivyo, ikiwa mahakama ilitaka kujua nyumba iliyojengwa katika ardhi ya Kimaasai ni ya nani, jibu la papo hapo lingekuwa la mjane.

Shauri lenyewe

S.M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane alitangaza kuwa mumewe atazikwa Upper Matasia, kama alivyotaka mwenyewe. Ndugu yake marehemu, Joash Ochieng' Ougo, na ukoo wa Umira Kager ulioongozwa na Omolo Siranga, wakatangaza kuwa atazikwa katika kijiji cha Nyamila, Nyalgunga, wilaya ya Siaya, mahali alipokuwa mji wa baba yake, Jairo Ougo. Jaji Frank Shields wa Mahakama Kuu kwanza alimpa mjane haki. Mahakama ya Rufani ikaagiza shauri lisikilizwe kwa ukamilifu, ndipo likafika mbele ya Jaji S. E. O. Bosire. John Khaminwa alimtetea mjane, Richard Kwach ukoo.

Khaminwa alijitahidi kuonyesha kuwa marehemu hakuwa mtu wa mila. Alioa mwaka 1963 kwa sheria ya serikali, aliishi Nairobi, aliwalea watoto wake kimjini, alipenda kukariri Shakespeare na kutazama mchezo wa wakili Perry Mason katika televisheni. Kwa nia njema kabisa, wakili huyo alimvua marehemu kila asili isipokuwa ile ya kusoma, na kwa kufanya hivyo aliwaachia wapinzani wake uwanja mzima wa mila. Kwach hakuwa na haja ya kukanusha Shakespeare. Alichofanya ni kushika maneno mawili, house na home, na kuwauliza mashahidi, kwa namna mbalimbali, kama Mjaluo aweza kuwa na home mahali ambapo hakupewa na baba yake. Mashahidi wa ukoo walijibu kuwa hawezi. Walikuwamo wazee, alikuwamo mchimba makaburi wa kule kijijini, na alikuwamo Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi; na wote, kila mmoja kwa elimu yake, walieleza desturi ile ile.

Desturi hiyo katika Dholuo ina msamiati wake kamili. Ot ni nyumba, iwe ya nyasi au ya mawe. Dala ni mji, mahali penye uhai wa ukoo. Kijana hukaa katika simba, kibanda chake ndani ya mji wa baba. Akikua na kuwa na mke na watoto hutolewa nje kwenda kuanzisha mji wake mwenyewe, na jambo hilo halifanyiki kimya kimya. Baba yake, au mzee anayeshika nafasi ya baba, huongozana naye asubuhi pamoja na mke na mwana wa kwanza, wakiwa na jogoo, shoka na moto; nyumba ya kwanza husimamishwa siku hiyo hiyo na kulaliwa usiku huo huo. Pasipofanyika hayo, pana ot, na penginepo pana mahali pa kukaa tu, kar dak. Anayekaa katika ardhi ya wengine ni jadak, hata akikaa miaka mia. Na mji uliohamwa, ambao kuta zake zimeanguka na makaburi yake yamebaki, una jina lake pia: gunda. Kiswahili kinasema mahame, lakini mahame hayadai kitu. Gunda huendelea kudai.

Ni msamiati mzuri, na mashahidi waliueleza bila ya kuyumba. Udhaifu ulikuwa katika kuuhamisha. Neno home la Kiingereza halina jogoo wala shoka ndani yake. Mwingereza huweza kuwa na home katika nyumba ya kupanga aliyohamia jana, ilimradi moyo wake umetulia. Mahakama ilipolipokea neno hilo kuwa tafsiri ya dala, iliupokea mzigo wote wa dala katika neno lisiloweza kuubeba, na kisha ikamhukumu mtu wa Upper Matasia kwa mzigo huo. Mjane alisema nyumba ile ilikuwa home, na kwa Kiingereza alisema kweli. Ukoo ukasema haikuwa home, na kwa Dholuo iliyovikwa Kiingereza ukasema kweli vilevile.

Tarehe 13 Februari 1987 Jaji Bosire aliamua kuwa sheria ya kimila ya Wajaluo ndiyo iliyomhusu marehemu, na maiti ikabidhiwe mjane na ndugu, kwa pamoja au mmoja wao, ili ikazikwe Nyamila. Tarehe 15 Mei Mahakama ya Rufani iliikubali hukumu hiyo, ikasema kwamba Mwafrika raia wa Kenya hana njia ya kujivua kabila la baba yake ikiwa desturi ni za kufuata baba. Mwanamke aliyeolewa na Mjaluo, ilielezwa, huingia katika ukoo wa mume na kufuata desturi zake. Tarehe 23 Mei, siku ya 154 tangu kufa kwake, S.M. Otieno alizikwa Nyalgunga. Mjane hakuhudhuria.

Watu walizoea kusema kuwa hivyo ndivyo ilivyo kwa kila kiongozi wa Kenya, kwamba huzikwa kwao. Si kweli kwa ukamilifu. Tom Mboya aliyeuawa Nairobi mwaka 1969 alizikwa kisiwa cha Rusinga, na Jaramogi Oginga Odinga alizikwa mjini kwake Bondo mwaka 1994. Lakini Jomo Kenyatta, aliyefariki Agosti 1978 na aliyekuwa na mji uliosifika Gatundu, alizikwa katika uwanja wa Bunge mjini Nairobi, na hakuna ukoo uliokwenda mahakamani.

Kwake na kwao

Kwa sheria ya Kenya lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufani ilikuwa Kiingereza; Kiswahili kiliruhusiwa katika mahakama za chini tu. Ndiyo sababu hukumu zote mbili zimeandikwa kana kwamba nchi haina lugha nyingine ya kulitamkia jambo hilo, ingawa wananchi waliojazana nje ya mahakama walilijadili siku nzima, wengi wao kwa Kiswahili, bila ya kukwama. Yafaa kutazama walikuwa na zana gani.

Kiswahili kina nyumba, na kwa kiambishi -ni kinapata nyumbani. Mara nyumba inapogeuka kuwa mahali, huacha ngeli yake na kuingia katika ngeli tatu za mahali: nyumbani mwake ni ndani ya kuta, nyumbani pake ni pale hasa ilipo, nyumbani kwake ni makao yake kwa jumla. Hapana sherehe inayohitajika; sarufi yenyewe huanzisha makao. Kwa kipimo hiki Upper Matasia palikuwa nyumbani kwa S.M. kwa njia zote tatu.

Lakini lugha hii haikuishia hapo. Mtu akiulizwa asili yake haulizwi "kwako wapi?" bali "kwenu wapi?" Naye hajibu kwa "kwangu", hujibu kwa "kwetu." Hata aliye mtoto wa pekee, aliyefiwa na wazazi wote wawili, asiyebakiwa na ndugu, husema kwetu. Wingi huo hauhesabu watu. Unaonyesha aina ya umiliki: kwangu ni mahali nilipopata, kwetu ni mahali paliponipata. Hivyo mshitaki na mshitakiwa wangeweza kukubaliana katika sentensi moja ya Kiswahili, kwamba marehemu kwake ni Matasia na kwao ni Nyalgunga, na hapo lingebaki swali halisi lililokuwa likizungukwa na house na home: maiti huzikwa kwake au huzikwa kwao? Hilo ni swali la kuchagua baina ya haki mbili zinazokubaliwa, si la kuamua kama haki moja ipo au haipo. Pengine hukumu isingebadilika. Lakini mjane asingeambiwa kwamba alipokuwa akiishi na mumewe hapakuwa mahali.

Jozi hii ya kwake na kwao ina jambo jingine ndani yake. Katika matumizi ya kila siku ni mwanamke aliyeolewa ambaye huwa na mahali pawili mbalimbali. Kwake ni kwa mumewe. Kwao ni kwa baba yake, na akionekana kwao bila ya sababu majirani huuliza kuna nini. Mwanamume hatazamiwi kugawanyika namna hiyo. Kwake hutakiwa kuwa ndani ya kwao, au angalau ukutani mwake. S.M. Otieno, kwa kujenga mbali, alijiweka katika hali ya kisarufi ya mke. Sehemu kubwa ya hasira za ukoo wake yaweza kueleweka hapo: mtoto wao wa kiume alikuwa ameolewa na Ngong.

Yafaa ikumbukwe kuwa hata mgawanyo huo si wa Waswahili wote. Waungwana wa Lamu walikuwa na desturi ya baba kumpa binti yake nyumba ya mawe aolewapo, na mume ndiye aliyehamia. Huko mwanamume alikuwa kwake akiwa kwa mkewe, wala hakuona aibu. Na ndani ya Kikuyu neno nyũmba si jengo tu. Ni wazao wote wa mama mmoja, tofauti na mũciĩ, ambao ni mji mzima. Dholuo nayo ina dhoot, mlango wa nyumba, yaani watu wa ukoo mmoja. Katika lugha zote hizi nyumba ya mwanamke ndiyo mahali ambapo ukoo huanza kuhesabiwa, kabla ya dala, mũciĩ au mji kuufunika.

Wala dala lenyewe halikuwa la tangu kuumbwa kwa dunia. Bethwell Ogot, katika historia yake ya Wajaluo wa kusini iliyotolewa mwaka 1967, alionyesha jinsi watu hao walivyosafiri kizazi baada ya kizazi, wakafika katika ardhi za wengine, wakazichukua kwa vita, kwa ndoa, au kwa kuomba pa kukaa. Kila dala la mababu lilipata kuwa jipya, na aliyeliwasha moto wa kwanza alikuwa mgeni kwa mtu fulani. Tofauti ya Nyalgunga na Upper Matasia ni ya muda zaidi kuliko ya asili. Ila mahakama haina kipimo cha kusema muda gani unatosha.

Hukumu haikugusa umiliki wa shamba. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilimtambua mjane; kwa hiyo nchi ile ile moja ilimpa haki katika nyumba na kumnyima haki katika kaburi. Wambui aliandika habari za maisha yake katika kitabu kilichotolewa Marekani mwaka 1998, na hakuanza na kesi. Alianza na Waiyaki, na Wamaasai, na Kibwezi. Alifariki tarehe 30 Agosti 2011. Mwaka mmoja kabla ya hapo Kenya ilikuwa imepata katiba inayokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na inayobatilisha desturi yoyote ipinganayo nayo.

Vipande vya ardhi vimekwisha kupimwa kutoka Matasia hadi Tuala na Kitengela, na nyumba za mawe za watu waliotoka kila pembe ya nchi zimesimama mahali palipokuwa na njia za mifugo. Wengine wameanza kuzika humo humo nyuani. Wengine hukodi basi usiku na kumsafirisha marehemu. Mtoto aliyezaliwa Tuala na wazazi wa namna hiyo, mwalimu akimuuliza kwao ni wapi, hutaja mahali ambapo pengine amelala siku nne tu, za Krismasi.